Nadiope, Kyabazinga wa tarumbeta za vibuyu

Malori yanayotoka Malaba na Busia kwenda Kampala hupita Iganga, kisha Bugembe na viunga vya Mafubira, kabla ya kufika Jinja na daraja la Mto Nile. Wenye mizigo wanalijua eneo hilo kwa foleni na kwa vibanda vya chapati. Wachache wanajua kwamba Bugembe ndiyo makao makuu ya Kyabazinga wa Busoga. Wachache zaidi wanamkumbuka Sir William Wilberforce Kadhumbula Nadiope, mtu aliyekikalia kiti hicho zaidi ya mara moja, akawa Makamu wa kwanza wa Rais wa Uganda, na akafariki mwaka 1976 wakati kiti chenyewe hakipo tena.

Kiti hicho kilipofutwa, kiliondoka na muziki wake. Wasoga wanauita bigwala: kundi la tarumbeta ndefu za vibuyu, zinazopigwa kwa kupokezana, juu ya ngoma tano. Mpenzi wa fanki, ule muziki wa Wamarekani weusi wenye besi nzito na tarumbeta zinazokata kama panga, akisikia bigwala kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mtu ameiga. Kama kuna aliyetangulia, ni vibuyu.

Maisha ya Nadiope hayasimuliki vizuri bila tarumbeta hizo, kwa sababu zilikuwa za watawala. Zilipigwa mtawala alipotawazwa na zilipigwa alipozikwa.

Mtoto wa mwaka mmoja

Nadiope alizaliwa Bugabula, sehemu ambayo leo iko wilaya ya Kamuli, kaskazini mwa Jinja. Baba yake, Yosia Nadiope, alikuwa Gabula, yaani mtawala wa Bugabula kwa urithi. Yosia alifariki mwaka 1913 akiwa bado kijana, na mwanawe alikuwa na umri wa takriban mwaka mmoja tu. Nchi ikashikwa na msimamizi, Mutekanga, mtu hodari ambaye hakuwa wa ukoo wa kitawala na kwa hiyo hakuweza kuketi kitini kwa haki yake mwenyewe. Mtoto akakua akijua kwamba kiti ni chake na kwamba mtu mwingine anamshikia.

Busoga wakati huo haikuwa ufalme mmoja kama Buganda. Ilikuwa mkusanyiko wa nchi ndogo, kila moja na mtawala wake, ngoma zake na wapigaji wake. Waingereza, ambao walipenda kushughulika na mtu mmoja badala ya kumi na moja, walijaribu kuziunganisha. Mwaka 1906 walimleta Jinja Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyekuwa ameanzisha mji wa Mbale, wakamfanya rais wa Lukiiko, baraza la Busoga. Kakungulu alikaa hadi 1913, mwaka uleule aliokufa Yosia. Wasoga hawakufurahia kuongozwa na mgeni. Ndipo, mwishoni mwa muongo huo, Ezekiel Tenywa Wako, Zibondo wa Bulamogi, akapewa uongozi, na kwake likaja jina la Isebantu Kyabazinga. Isebantu ni baba wa watu, na Kyabazinga ni yule anayewaunganisha wote.

Kuna koo za kitawala tano ambazo kwa desturi ndizo zinazoweza kumtoa Kyabazinga: za Bugabula, Bulamogi, Luuka, Kigulu na Bukono. Wote ni wa ukoo wa Baise Ngobi, na simulizi zao hurudi Bunyoro, kwa Mukama. Huko Bunyoro nako kuna tarumbeta za vibuyu za ikulu, zinazoitwa amakondere, na Buganda wanazo pia. Kwa hiyo muziki huu ulisafiri pamoja na mamlaka, kama siwa ilivyosafiri pamoja na mamlaka katika pwani ya Waswahili. Siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, na siwa ya Lamu, ya shaba, zimehifadhiwa katika makumbusho ya Kenya hadi leo. Msomaji wa Mombasa anayeshangaa kwa nini mfalme wa bara ahitaji baragumu ajiulize kwa nini watawala wa Lamu waliihitaji siwa.

Bugabula ya utoto wa Nadiope haikuwa kijiji cha pembeni. Mwaka 1912 reli ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali, bandari ya mtoni ndani ya eneo hilo, ili kubeba pamba. Kutoka Namasagali meli zilivuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Katika miaka ya 1920 njia ya reli kutoka Kenya nayo iliingia Busoga kupitia Tororo na Mbulamuti, na daraja la reli la Jinja likafunguliwa mwaka 1931. Pamba ya Busoga ilishuka hivyo hadi Mombasa. Mtoto aliyekua hapo aliona bidhaa, Wahindi wenye maduka, makarani wa Kiganda na wapagazi kutoka kila upande. Wafanyabiashara wa leo wanaolalamikia ushuru na vizuizi vya barabarani wangejiona nyumbani.

Kiti cha kuchaguliwa

Wako alistaafu mwaka 1949 kwa sababu ya uzee. Hapo Wasoga wakafanya jambo ambalo majirani zao hawakulifanya: waliamua kwamba Kyabazinga achaguliwe, kutoka miongoni mwa watawala wa urithi, kwa vipindi vya miaka mitatu. Wa kwanza kuchaguliwa kwa utaratibu huo alikuwa Gabula, William Wilberforce Nadiope. Akaongoza vipindi viwili, hadi 1955.

Utaratibu huo unastahili kutazamwa vizuri. Mfalme anayechaguliwa ni mfalme anayeweza kushindwa. Anahitaji kuonekana, kusikika na kuwa na watu nyuma yake hata baada ya kutawazwa. Katika Busoga ya kabla ya redio kufika kila nyumba, kusikika kwa mtawala kulikuwa kazi ya ngoma na tarumbeta. Nyimbo za bigwala husimulia historia ya Wasoga na kumweka mtawala katikati ya historia hiyo. Husema pia mambo mengine bila kificho, kama uongozi mbaya, matatizo ya ndoa na mwenendo unaofaa. Mtawala aliyetaka sifa ilimbidi avumilie pia mawaidha, maana vinywa vilivyopuliza vyote viwili vilikuwa vilevile.

Miaka ya Nadiope kitini ilikuwa miaka ya Jinja kugeuka mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilijengwa, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua. Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa uhamishoni Uingereza wakati huo, kwa hiyo kati ya watawala wakubwa wa kusini mwa Uganda, Kyabazinga alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa nyumbani. Umeme ulipopatikana, viwanda vya nguo na vinginevyo vikafuata, pamoja na sukari ya Kakira iliyokuwapo tangu zamani. Wafanyakazi walitoka Kenya, Ruanda na kaskazini mwa Uganda. Barabara juu ya bwawa hilo ndiyo iliyobeba malori ya kanda nzima kwa zaidi ya miaka 60, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa Oktoba 2018.

Mwaka 1955 kiti kilikwenda kwa Henry Wako Muloki, Zibondo wa Bulamogi, mtoto wa Kyabazinga wa kwanza. Nadiope hakuondoka katika siasa. Alikuwa upande wa chama cha UPC cha Milton Obote, na Uganda ilipopata uhuru mwezi Oktoba 1962, yeye ndiye aliyekuwa Kyabazinga tena.

Kila mmoja na sauti yake

Hapa inafaa kusimama kidogo na kueleza tarumbeta zenyewe, kwa kuwa ndizo zinazomfanya Nadiope awe zaidi ya jina katika orodha ya viongozi.

Tarumbeta ya bigwala hutengenezwa kwa vipande vya vibuyu virefu vilivyounganishwa, kimoja kikiingia katika kingine. Mpulizaji hapulizi mwishoni kama kwenye tarumbeta ya bendi ya polisi; tundu la kupulizia liko ubavuni. Zilizo fupi hutoa sauti ya juu, zilizo ndefu hunguruma. Kundi huwa na tarumbeta tano au zaidi za ukubwa tofauti.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna mpulizaji anayeujua wimbo peke yake kwa kuupiga. Kila tarumbeta ina sauti moja hasa. Wa kwanza hupuliza sauti yake, wa pili hudakia ndani ya nafasi iliyoachwa, wa tatu naye huingia, na kwa mzunguko huo wimbo unatokea hewani, mahali ambapo hakuna mtu mmoja aliyeutia. Mwenye mzigo anaweza kuufananisha na kontena linalotoka Mombasa: kuna wakala wa forodha, dereva, utingo, karani wa mpakani, mpakuzi. Hakuna hata mmoja wao aliyeuleta mzigo Kampala, lakini mmoja akikosekana mzigo hulala Malaba. Kwenye bigwala, mwenye sauti ya tatu akiugua, wimbo unakuwa na shimo, na kila mtu kijijini atalisikia shimo hilo.

Baada ya tarumbeta huingia waimbaji, halafu ngoma tano: kubwa, ndefu, fupi, ya wastani na ndogo ya kukazia mdundo. Wachezaji huwazunguka wapiga ngoma katika duara, wakitikisa viuno taratibu na kuinua mikono, na watazamaji hupiga vigelegele. Si muziki wa kuketi na kusikiliza. Hata mzee mwenye heshima zake hujikuta mguu umeanza kusogea.

Mtu aliyelelewa na rekodi za James Brown ataujua mpangilio huo bila kuelezwa. Katika fanki, saksafoni, tarumbeta na tromboni hazichukui wimbo na kwenda nao safari ndefu. Zinatupa sauti mbili tatu fupi, kisha zinanyamaza, na ule ukimya ni sehemu ya muziki. Gitaa linajaza hapa, besi inajaza pale, ngoma inashikilia mzunguko. Kila mmoja anapewa kazi ndogo na anakatazwa kuizidisha. Wanaopenda fanki husema wanapenda nguvu yake, lakini kinachowashika ni hizo nafasi zilizoachwa.

Makamu wa Rais

Uganda ilipoamua kuacha kuwa na Malkia wa Uingereza kama mkuu wa nchi, Bunge liliweka utaratibu wa kuchagua Rais na Makamu wake kutoka miongoni mwa wafalme na wakuu wa kikatiba wa wilaya. Tarehe 9 Oktoba 1963, Kabaka Mutesa wa Pili akawa Rais wa kwanza na Kyabazinga Nadiope akawa Makamu wa Rais. Ulikuwa mpango wa ajabu: serikali ya chama cha kisasa chini ya Waziri Mkuu Obote, na juu yake watawala wawili wa jadi wenye ngoma na tarumbeta zao. Kwa mtoto yatima wa Bugabula, ilikuwa ngazi ya juu sana.

Ngazi hiyo haikudumu miaka mitatu. Februari 1966 Obote alisimamisha katiba na kuwaondoa Rais na Makamu wake. Mwezi Mei jeshi likashambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo, na Mutesa akakimbilia Uingereza, alikofia mwaka 1969. Mwezi Septemba 1967 katiba mpya ikafuta falme zote na cheo cha Kyabazinga pamoja nazo. Historia ya Uganda humzungumzia sana Mutesa kwa sababu ya mizinga na uhamisho. Nadiope, ambaye alikuwa mshirika wa chama kilekile kilichomfuta, hutajwa kwa mstari mmoja. Labda ni kwa sababu alibaki nchini, na anayebaki hana hadithi ya kuvuka mipaka usiku.

Mwaka huo wa 1967 una mambo mengi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mwezi Juni viongozi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitia saini mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kazi Desemba mosi. Mwezi Julai, upande wa pili wa dunia, James Brown alitoa rekodi ya Cold Sweat, iliyopangwa na mpiga saksafoni Pee Wee Ellis, ambayo wengi huihesabu kuwa mwanzo wa fanki. Na mwezi Septemba tarumbeta za vibuyu za Busoga zikapoteza mtu wa kuzipigia. Dunia ilianza kujifunza kupenda sauti fupi za tarumbeta zinazodakiana mwaka uleule ambao katiba iliwaondolea kazi mabingwa wa kazi hiyo kando ya Nile.

Hakuna sheria iliyosema bigwala ni marufuku. Haikuhitajika. Muziki uliokuwa na sherehe mbili kubwa, kutawazwa na kuzikwa kwa mtawala, uliondolewa ya kwanza na kubakiziwa ya pili bila heshima ya kiserikali. Wapulizaji walirudi mashambani. Vijana hawakuwa na sababu ya kujifunza sauti moja kwa miaka, wakisubiri wenzao wanne, kwa ajili ya kiti ambacho hakipo.

Shaba ikaimba, vibuyu vikanyamaza

Idi Amin alipopindua serikali Januari 1971 aliruhusu mwili wa Mutesa urudishwe na kuzikwa kwa heshima. Falme hakuzirudisha. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na Jinja, mji uliokuwa umejengwa kwa kiasi kikubwa na maduka na viwanda vyao, ukapata pigo ambalo wafanyabiashara wa zamani bado wanalisimulia. Nadiope aliyaona yote hayo akiwa mtu wa kawaida kwa sheria, ingawa kwa watu wa Bugabula alibaki Gabula.

Miaka hiyohiyo ilikuwa ya neema kwa tarumbeta za shaba. Bendi ya Matata kutoka Kenya ilirekodi fanki London mwanzoni mwa miaka ya 1970. Septemba 1974 James Brown alipanda jukwaani Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Lagos, Fela Kuti alikuwa na saksafoni zake na bendi ya Africa 70. Mwaka 1975 Afrigo Band ilianzishwa Kampala, na Moses Matovu na saksafoni yake wakawa sauti iliyodumu kuliko serikali kadhaa. Mwaka 1976 wanamuziki wa Kongo waliotoka katika bendi ya Baba Gaston waliunda Les Mangelepa mjini Nairobi, na kwa wengi waliocheza dansi wakati huo, hakuna kilichofungua moyo kama safu ya tarumbeta ya Mangelepa inapoingia baada ya gitaa. Mwaka huohuo Sunburst wa Dar es Salaam walitoa albamu yao ya Ave Africa.

Na mwaka huohuo wa 1976 Nadiope alifariki. Alizikwa Budhumbula, ikulu ya ukoo wake, kilomita chache kutoka mjini Kamuli katika barabara ya kwenda Jinja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka uliofuata, mpaka wa Uganda na jirani zake ukawa mgumu, na mtu aliyetaka kuuza au kununua ng'ambo ilimbidi atafute njia za panya. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza vibuyu vimekwenda wapi.

Kurudi

Kiti kilirudi kabla ya muziki. Februari 1995, Henry Wako Muloki, aliyempokea Nadiope mwaka 1955, alitawazwa tena kuwa Kyabazinga, miaka 40 baada ya mara ya kwanza. Hapo ndipo ilipoonekana gharama ya kimya kile. Taasisi ya jadi unaweza kuirudisha kwa sheria na sahihi. Kundi la bigwala huwezi. Waliojua kutengeneza tarumbeta, kupiga na kucheza walikuwa wamezeeka au wamekufa, na vibuyu virefu vya kutengenezea vilikuwa vimeadimika kwa sababu hakuna aliyekuwa akivipanda kwa kazi hiyo.

Mwaka 2012 UNESCO iliiweka bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maelezo yaliyoambatana na uamuzi huo yalisema mabingwa wazee waliobaki ni wanne tu. Wanne, kwa muziki unaohitaji tarumbeta tano kwa uchache. Mtu asiyejali utamaduni hata kidogo anaweza kufanya hesabu hiyo.

Mradi uliofuata ulianza na mbegu. Ilibidi vibuyu vipandwe kwanza, vikue, vikauke, ndipo vijana waketi na wazee kujifunza kuunganisha vipande na kutafuta sauti. Ni kazi inayokwenda kwa msimu wa mvua, si kwa ratiba ya wafadhili. Faida yake ni kwamba kijana anayejifunza bigwala hahitaji shule ya muziki wala pesa za saksafoni, ambayo kwa bei ya Nairobi au Kampala ni mtaji wa duka dogo. Anahitaji shamba, mzee wa kumwelekeza, na wenzake wanne wasiochelewa.

Upande mwingine, masikio yalikuwa tayari. Kampuni za rekodi za Ulaya zilianza kuchapisha upya fanki ya Afrika ya miaka ya 1970; Ave Africa ya Sunburst ilitoka tena mwaka 2016. Kuanzia 2015 tamasha la Nyege Nyege liliwaleta Jinja vijana kutoka Nairobi, Kampala, Kigali na mbali zaidi kucheza usiku kucha kando ya Nile. Mwaka 2023 kundi la wapiga embaire wa Nakibembe, marimba makubwa ya Busoga yanayopigwa na watu wengi kwa wakati mmoja, lilitoa albamu kupitia lebo ya tamasha hilo. Embaire nayo ni muziki wa kudakiana. Kijana aliyekuja Jinja kwa ajili ya muziki wa kompyuta akaikuta, akacheza, na hakuhitaji kuambiwa kwamba ni urithi.

Hilo ndilo linaloweza kuiokoa bigwala kuliko hotuba. Mtu hurudia muziki kwa sababu unampendeza. Kuna wapenzi wa fanki Afrika Mashariki wenye miaka 50 na zaidi, waliouza rekodi zao za sahani wakati wa kaseti, wakauza kaseti wakati wa diski, na leo wanazitafuta zilezile kwenye simu. Mtu wa namna hiyo akipita Bugembe siku ya sherehe na kusikia vibuyu vitano vikijibizana, kazi ya kumshawishi imekwisha.

Muloki alifariki Septemba 2008, na Busoga ikaingia katika mvutano wa urithi kati ya upande wa Bulamogi na upande wa Bugabula uliochukua miaka sita. Tarehe 13 Septemba 2014 alitawazwa William Gabula Nadiope wa Nne, mjukuu wa Sir William, akiwa na umri wa miaka 25. Novemba 2023 alifunga ndoa na Jovia Mutesi katika Kanisa Kuu la Bugembe, na barabara ya Jinja hadi Iganga ikajaa watu kiasi ambacho madereva wa malori wanakikumbuka.

Budhumbula yenyewe iko pale pale, nje kidogo ya Kamuli. Atokaye Jinja kwa barabara ya Kamuli huyapita mashamba ya miwa na matrekta yanayoivuta kwenda viwandani. Namasagali, bandari iliyochukua pamba ya Bugabula, haina tena reli wala meli. Vibuyu virefu hupandwa mvua zinapoanza, na vikishakomaa huachwa vikauke kabisa kabla ya kukatwa, kwa sababu kibuyu kilichokatwa kibichi hupasuka kwenye maungio na hakishiki sauti.